Mgao Ndani ya Testi Tyubu

Karatasi ya tatu ya Bayolojia katika mtihani wa KCSE ndiyo ile ya vitendo. Inachukua saa moja na dakika 45. Muulize yeyote aliyesoma Bayolojia Kenya hii, atakuambia kwamba ipo miaka unayoingia maabara ukakuta mezani biker ndogo yenye kitu kilichosagwa, kimepewa herufi tupu, tuseme L, na hakuna wa kukuambia L ni nini. Kando yake kuna iodini, kemikali ya Benedict, sodiamu haidroksaidi, kopa salfeti, na pengine DCPIP. Kwenye karatasi kuna jedwali la safu nne: unachopima, utaratibu, ulichoona, hitimisho. Kazi yako ni kukifanya kile kitu kijitaje chenyewe.

Jedwali hilo linafika Ifo kama linavyofika Nairobi. Shule za sekondari katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, zinafuata mtaala wa Kenya, na wanafunzi wake wanatahiniwa pamoja na wenzao wa nchi nzima. Kwa mtoto wa Ifo alama hizo si mchezo. Tangu 1978 shirika la Canada liitwalo WUSC limekuwa na mpango wa kudhamini wanafunzi wakimbizi waende vyuo vikuu vya huko, na Dadaab ni mojawapo ya mahali wanakotoka. Nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi, na alama za KCSE ndizo mlango wa kwanza. Tone la iodini likigeuka buluu-nyeusi, na mtahiniwa akaandika sawasawa alichokiona, hapo pana zaidi ya alama mbili tatu za Bayolojia.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba Ifo ni mahali ambapo chakula chenyewe, kwa zaidi ya miaka 30, kimekuwa kikipimwa kabla hakijafika kwenye sufuria. Kuna mtu ofisini aliyekaa akapiga hesabu ya kila kichwa kipate gramu ngapi za unga, ngapi za mafuta, ngapi za chumvi. Mwanafunzi anafundishwa darasani kutambua wanga na protini, na nyumbani kwao kuna kadi ya mgao. Basi tufanye zoezi moja. Tuuchukue huo mgao, tuutie kwenye testi tyubu, tuone unasema nini. Na tukiwa njiani tuulizane hizi rangi zilitoka wapi, maana zina umri mkubwa kuliko kambi.

Kambi na hesabu yake

Ifo ilifunguliwa 1991, mwaka ambao serikali ya Siad Barre iliporomoka Mogadishu na watu wakaanza kuvuka mpaka kuingia Kenya. Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000 kwa pamoja. Ilipofika 2011, mwaka wa ukame na njaa iliyotangazwa rasmi kusini mwa Somalia, waliokuwa Dadaab walikuwa wamepita 450,000. Ifo 2 ilifunguliwa mwaka huo kuwapokea wapya, kisha ikafungwa 2018. Katikati ya hayo, Mei 2016, serikali ya Kenya ilitangaza kuzifunga kambi zote; Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo unakiuka Katiba. Ifo ikabaki. Kuna watu waliozaliwa hapo ambao sasa wana watoto waliozaliwa hapo.

Chakula kinaletwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Hesabu ya kuanzia katika kazi ya aina hii ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa miaka mingi kapu lilikuwa na vitu ambavyo mama yeyote wa Ifo angekutajia bila kufikiri: unga wa ngano au mahindi, maharagwe au njegere kavu za manjano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia, chumvi, na unga wa uji uliochanganywa mahindi na soya. Tangu 2016 sehemu ya mgao imekuwa ikitolewa kama pesa za simu, zile zinazoitwa Bamba Chakula, mtu akanunue mwenyewe dukani.

Ishike vizuri hiyo namba 2,100, maana tutairudia. Ni namba ya nguvu, ile nishati inayomwezesha mtu kuamka, kutembea hadi kisimani na kurudi. Unga na mafuta vinaweza kuijaza peke yao, na mtu bado akaugua.

Rangi zilikotoka

Iodini iligunduliwa kwa sababu ya vita. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akichoma mwani wa baharini na kutumia majivu yake katika kazi ya kutengeneza shura, chumvi inayoingia kwenye baruti, maana majeshi ya Napoleon yalikuwa yakiimaliza kama maji. Alipozidisha asidi kwenye majivu hayo, ukatoka moshi wa zambarau ulioganda ukawa vipande vyeusi vinavyong'aa. Miaka mitatu baadaye, 1814, wenzake wawili, Colin na Gaultier de Claubry, wakaandika kwamba kitu hicho kipya kikikutana na wanga kinatoa rangi ya buluu kali. Siku hizi tunajua kwa nini. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, na sehemu yake moja imejisokota kama springi. Iodini inaingia ndani ya msokoto huo na kunaswa, na mwanga unaopita hapo unabadilika rangi. Ndiyo maana sukari, ambayo ni vipande vifupi, haibadilishi iodini. Hakuna msokoto wa kuinasa.

Dondosha iodini kwenye unga wa mgao. Utakuwa buluu-nyeusi kabla hujaweka kitonezi chini. Dondosha kwenye anjera ya jana, jibu ni lilelile. Kwenye njegere, vilevile. Kwa iodini, karibu mgao wote unasema neno moja: wanga, wanga, wanga.

Hapa pana mtego ambao mwalimu mzuri huwatega wanafunzi wake. Chumvi ya mgao ina iodini, imetiwa makusudi kuzuia rovu. Je, ukiinyunyizia unga, unga utageuka buluu? Hautageuka. Iodini ya chumvi imefungwa na vitu vingine, haiko huru kama ile ya chupa. Jina ni moja, kazi ni tofauti, na ile ya maabara usithubutu kuionja.

Kemikali ya Benedict ilitoka hospitalini. Madaktari wa karne ya 19 walitaka njia ya kujua kama mkojo wa mgonjwa una sukari, maana huko nyuma waliotangulia walikuwa wakiuonja. Miaka ya 1840 Wajerumani Trommer na Fehling walionyesha kwamba chumvi ya shaba ikipashwa moto pamoja na sukari fulani, buluu yake inavunjika na kuacha mashapo mekundu. Dawa ya Fehling ilikuwa na kasoro: haikai, lazima uchanganye chupa mbili papo hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Stanley Benedict akapata mchanganyiko mmoja unaokaa rafuni miezi bila kuharibika. Ndio huo uliosambaa duniani. Rangi zake zinapanda ngazi: buluu, kijani, manjano, chungwa, hadi rangi ya matofali, kulingana na wingi wa sukari.

Lakini si kila sukari. Ukikoroga sukari ya dukani, ile inayotiwa kwenye shaah mpaka kijiko kinasimama, kisha ukaitia Benedict na kuichemsha, buluu inabaki buluu. Lazima kwanza uichemshe na asidi, uituliza asidi kwa bikaboneti, halafu ndipo ijibu. Maziwa hayana shida hiyo. Maziwa ya ngamia yanajibu mara moja, kwa sababu sukari yake, laktosi, ni ya aina inayojitokeza yenyewe. Kitu kitamu kupindukia kinanyamaza na kitu kisicho kitamu sana kinasema. Anayetegemea ulimi peke yake atadanganyika.

Kipimo cha protini kinaitwa biureti, na jina lenyewe lina kichekesho. Biureti ni kemikali iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1840 kwa kupasha moto urea, na ikionja shaba ndani ya alkali inakuwa zambarau. Protini nazo zikaonekana zinafanya hivyohivyo, kwa sababu zina viungo vinavyofanana na vya kemikali hiyo. Kipimo kikarithi jina. Kumbe ndani ya maharagwe hamna biureti hata chembe. Unatia sodiamu haidroksaidi, kisha tone kwa tone la kopa salfeti, ile chumvi ya buluu ambayo Kiswahili cha zamani kinaiita mrututu, na njegere za mgao zinatoa zambarau. Maziwa na mayai yanatoa zambarau iliyokolea. Unga wa ngano nao hutoa, ila hafifu.

Mafuta hayahitaji hadithi ndefu. Kitabu kinasema uyakoroge na spiriti, umimine kwenye maji, uangalie kama yanakuwa meupe kama maziwa. Lakini yeyote aliyewahi kununua sambusa sokoni Ifo akafungiwa kwenye karatasi ya daftari anajua kipimo cha zamani zaidi: karatasi inapitisha mwanga pale mafuta yalipogusa. Doa la maji likikauka linaondoka. Doa la mafuta halitoki.

Mpaka hapa mgao umefaulu vizuri. Wanga upo, protini ipo, mafuta yapo. Imebaki chupa moja, DCPIP. Ni rangi ya buluu ambayo vitamini C inaifuta. Unahesabu matone ya juisi mpaka buluu ipotee; juisi ya ndimu inaifuta kwa matone machache, ya nyanya inahitaji zaidi. Sasa chukua unga wa ngano, ukoroge, utie. Chukua njegere kavu. Chukua mafuta. Chukua chumvi. Buluu inakaa palepale, inakutazama.

Ugonjwa wa mabaharia nchi kavu

Kiswahili kina neno la kale la ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C: kiseyeye. Ufizi unavimba na kutoa damu, meno yanalegea, viungo vinauma, kidonda cha zamani kinafunguka upya. Mabaharia wa Ulaya walikufa nao kwa maelfu katika safari ndefu. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawanya wagonjwa 12 wawili wawili, akawapa tiba tofauti, na wale waliopewa machungwa na ndimu wakapona haraka. Kitu chenyewe kilichokuwa ndani ya ndimu hakikujulikana kwa karibu miaka 200. Albert Szent-Györgyi alikitenga mwishoni mwa miaka ya 1920, ikathibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba ndiyo vitamini C, na mwaka 1937 akatuzwa Nobel.

Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1980, kiseyeye kilikuwa ugonjwa uliokwisha kueleweka, na kinga yake inauzwa sokoni kwa shilingi chache. Pamoja na hayo, miaka hiyohiyo ulizuka katika kambi za wakimbizi za Pembe ya Afrika, Somalia, Ethiopia na Sudan. Waliougua hawakuwa baharini. Walikuwa wakipata mgao. Watafiti waliofuatilia milipuko hiyo waliona jambo la kutisha kwa upole wake: kadiri mtu alivyokaa kambini muda mrefu ndivyo hatari ilivyoongezeka. Yaani chakula cha msaada chenyewe, kikiliwa peke yake kwa miezi mingi, ndicho kilichokuwa safari ndefu ya meli. Mwaka 1990 ugonjwa mwingine wa aina hiyo, pelagra, unaotokana na kukosa niasini, uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wengi wao wakiishi kwa mahindi. Ifo ilipofunguliwa 1991, masomo hayo yalikuwa yameshaandikwa.

Sasa fikiria ni akina nani walioingia Ifo. Wengi walikuwa wafugaji au watu wa familia za wafugaji. Nchi kavu kama ile haina machungwa, na mfugaji anaweza kukaa miezi bila kuona jani la mboga. Mbona kiseyeye hakikuwamaliza vizazi na vizazi? Jibu liko kwenye kibuyu. Maziwa ya ngamia yana vitamini C zaidi kuliko ya ng'ombe, mara nyingi hutajwa kuwa kama mara tatu, na Wasomali huyanywa bila kuyachemsha mpaka yaishe nguvu. Ngamia alikuwa ndiye mchungwa wao. Mtu aliyeporwa ngamia wake njiani, au aliyewaacha wamekufa kwa ukame, alifika kambini akapewa unga na mafuta. Kwa hesabu ya kilokalori amelipwa. Kwa hesabu ya DCPIP amedaiwa.

Hapo ndipo soko la Ifo linapoingia kwenye historia ya kemia. Tangu zamani baadhi ya wakimbizi wamekuwa wakiuza sehemu ya unga au mafuta yao, wanunue maziwa, vitunguu, nyanya, nyama kidogo. Wageni wengine waliona hilo wakasema: kumbe wanashiba, ndiyo maana wanauza. Waliosoma lishe ya kambini walisema kinyume. Anayeuza unga kununua nyanya anafanya kazi ambayo mgao haukuifanya, na anaifanya kwa hasara, kwa sababu unga wa mgao huuzwa bei ya kutupa. Mama yule hana DCPIP. Ana ufizi wa mwanawe, na anajua watoto wanaokunywa maziwa wanakuwaje.

Unga wa uji wa mahindi na soya uliletwa kuziba pengo hilo, kwa kutiwa vitamini kiwandani. Vitamini C nayo ilitiwa: miligramu 40 kwa kila gramu 100. Swali likawa, je, inafika mdomoni? Mwaka 1997 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu pendekezo la kupandisha kiasi hicho hadi miligramu 90, na ikashauri kisipandishwe. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya vitamini hiyo inapotea uji unapochemka. Moto unaoua vijidudu unaiua na vitamini C. Kwenye gunia ipo, kwenye bakuli imepungua. Mwanafunzi akipima unga mkavu na mwenziwe akipima uji uliopikwa, watapata majibu mawili tofauti juu ya chakula kilekile, na wote wawili watakuwa sahihi.

Wamasai, Wakikuyu na mizani ya mkoloni

Kupima chakula cha Mwafrika ili kujua amekosa nini si jambo lililoanza na kambi. Kenya ilikuwa mahali pa mojawapo ya tafiti za kwanza kubwa za aina hiyo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, John Boyd Orr wa Taasisi ya Rowett kule Aberdeen, Scotland, na J. L. Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni, waliongoza utafiti uliolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Ripoti ilitoka 1931. Wamasai, walisema, wanaishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu kwa nafaka, mizizi na maharagwe. Wakapima urefu, uzito na nguvu za mkono. Mwanamume Mmasai akatoka na wastani wa inchi 5 na ratili 23 zaidi ya Mkikuyu. Hitimisho likawa: tofauti ni chakula.

Orr hakuwa mtu mdogo. Alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na 1949 akapewa Nobel ya Amani. Na alikuwa na haki kusema kwamba chakula kinajenga mwili. Lakini wanahistoria walioisoma upya ile ripoti wameuliza mambo ambayo mizani haikuyaona. Wakikuyu wa miaka ile walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wanaume wao wakitafutwa kwa kazi za mashamba ya walowezi. Wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila mboga za majani ambazo wanaume hawakuzijali, na afya yao haikuwa sawa na ya wanaume. Ukiandika "Mkikuyu anakula hiki" umewafuta wote hao kwa mstari mmoja. Maabara iliuliza ndani ya chakula mna nini. Haikuuliza kwa nini chakula hicho ndicho kilichobaki.

Pole pole vipimo vile vikashuka kutoka maabara ya mtafiti hadi meza ya mwanafunzi. Vilikuja na mtihani wa Cambridge, vikaingia mtihani wa Afrika Mashariki, vikahamia KCE, na tangu 1989 viko KCSE. Majina ya mtihani yalibadilika. Iodini ilibaki chupa ileile ya kahawia. Kaskazini vilichelewa kufika. Eneo lote la mpakani lilikuwa chini ya sheria ya wilaya maalum ya 1934, mtu akihitaji kibali kuingia na kutoka, na shule zilikuwa za kuhesabika. Babu wa mtahiniwa wa leo wa Garissa huenda hakuwahi kuona testi tyubu maishani.

Mwalimu na jiko

Hata leo vipimo hivi vina gharama yake huku. Kumpima Benedict unahitaji maji ya moto. Pasipo gesi maji hupashwa kwa jiko la makaa au la mafuta ya taa. Kemikali zinatoka mbali na darasa limejaa, kwa hiyo mara nyingi mwalimu anafanya mbele na wengine wanatazama. Mwalimu mbunifu ana njia zake. DCPIP ikikosekana, iodini iliyozimuliwa inaweza kushika zamu: itie kwenye maji ya wanga, iwe buluu, kisha dondosha juisi ya ndimu. Vitamini C itaifuta buluu hiyo nayo. Chupa ya iodini ya kusafishia vidonda inatosha kufundisha wanga na vitamini C siku moja.

Tatizo kubwa zaidi ni nani asimame mbele ya darasa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo tume ya walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hili. Walioondoka walikuwemo wa sayansi, ambao tangu mwanzo hawakuwa wengi. Ndani ya kambi walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, wanaolipwa posho ndogo kuliko mshahara, na baadhi yao walikaa kwenye madawati yaleyale. Ukiona mtoto wa Ifo ameandika "buluu inabadilika kuwa zambarau, protini ipo", nyuma ya mstari huo kuna mtu kama huyo.

Safu ya tatu

Kuna jambo moja walimu wa Bayolojia hulisisitiza kuhusu lile jedwali, na wanafunzi hulisahau kila mwaka. Kipimo kikikosa kubadilika, usiandike "hakuna kitu". Andika ulichokiona: rangi ya kahawia ya iodini imebaki. Buluu ya Benedict imebaki. Halafu kwenye hitimisho andika: wanga haupo. Kutokuwepo kwa kitu nako ni jibu, na lina alama zake. Anayeacha nafasi tupu anapata sufuri hata kama alikuwa sahihi kichwani.

Nikiangalia historia ya mgao, naona kosa lilikuwa hapo. Vipo viliandikwa, na kwa uangalifu: gramu za unga, gramu za mafuta, kilokalori 2,100. Kisichokuwepo kiliachiwa nafasi tupu mpaka ufizi ulipotoa damu, ndipo kikaandikwa, na kilipoandikwa kiliitwa mlipuko, kama vile kimeshuka kutoka mawinguni.

Vipimo hivi navyo vina upofu wao, na mwanafunzi aufahamu. Iodini haihesabu vijiko. Inasema wanga upo, ikiwa ni gunia au ni kipande cha anjera kilichobaki sahanini. Mwaka 2025 WFP ilitangaza kwamba fedha zimekauka na mgao wa wakimbizi Kenya umeshuka hadi asilimia 28 ya mgao kamili. Kama mgao kamili ni 2,100, hiyo ni kama kilokalori 590 kwa siku. Upeleke mgao huo maabara: iodini buluu-nyeusi, biureti zambarau, karatasi ina doa la mafuta. Majibu yaleyale ya mwaka uliopita, neno kwa neno. Na kuzidi pia kunajificha: utafiti uliochapishwa 2006 kuhusu wakimbizi waliokaa muda mrefu katika kambi za Afrika ulikuta kwamba katika baadhi ya kambi iodini mwilini ilikuwa imepita kiasi, wakati madini ya chuma na vitamini A vilikuwa vikikosekana. Aliyepima kuwepo tu asingejua lolote kati ya hayo.

KCSE yenyewe inaelekea ukingoni. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kuifanya 2027, na mtaala mpya una namna yake ya kupima. Sidhani iodini itaondoka. Ni rahisi, ni salama kiasi, na ile buluu bado inashangaza kila anayeiona mara ya kwanza. Ningependa tu jedwali la Ifo liongezewe swali moja la mdomo, la mwalimu kuwauliza wanafunzi wakiwa wanaosha testi tyubu: mmeona mna nini ndani ya chakula hiki, sasa niambieni kinatosha watu wangapi, na nyumbani mnaongeza nini juu yake, na mnakipata wapi.

Watoto wa Ifo wanalo jibu. Wamelibeba kutoka sokoni, kwenye mfuko wa nyanya tatu na maziwa ya ngamia nusu lita, yaliyonunuliwa kwa unga.